Waya Uliokatika Ndani ya Ganda Lake

Kolwezi, Jumatatu jioni

Kapinga, mama,

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Amekufungia chandarua, dawa, sabuni na unga wa siku za kwanza, nami sina la kuongeza isipokuwa kukubali kwamba orodha yake ni kamili kuliko yoyote ambayo ningeiandika mimi. Kesho asubuhi utapanda pikipiki iliyokuwa yangu, utashika barabara ya Kasaji hadi Dilolo, na huko utaanza kazi yako ya ukunga katika kituo ambacho, kwa jinsi ulivyonieleza, baadhi ya vijiji vyake viko mbali kwa saa mbili za mwendo. Wanawake hawachagui saa ya kujifungua. Ndiyo sababu tulifunga taa za ziada, na ndiyo sababu ninakuandikia kuhusu taa hizo badala ya mambo mengine ambayo baba humwandikia binti yake anapoondoka.

Tangu Jumamosi umenisalimu vizuri asubuhi na jioni, na hujanisemesha zaidi ya hapo. Una haki. Lakini hujui hasira yangu ya siku ile ilitoka wapi, na mtu anayepanda chombo kilichofungwa nyaya na mwingine anapaswa kumjua fundi wake hadi mwisho.

Nianze na lile lililotufurahisha. Ijumaa, kabla hatujatoboa tundu hata moja, uliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika miaka yote ya kufundisha umeme: “Tata, juu ya nini ukiwasha taa kubwa mu vumbi unaona kidogo?” Nilitaka kukujibu papo hapo kwa nini ni hivyo, kama mwalimu, nikagundua kwamba sina jibu nililolipima. Tukachukua betri, taa moja na mti wa fagio, tukaenda kusimama kando ya barabara ya Musonoi jua lilipokuwa linazama, saa ambayo malori ya mawe hupita moja baada ya jingine. Ulishika taa usawa wa paji la uso. Lori likapita, vumbi likapanda, na mbele yetu ukasimama ukuta mwekundu. Hatukuona hata ukingo wa barabara. Ukaishusha taa hadi usawa wa goti. Lori la pili likapita, vumbi lilelile, na chini ya vumbi tukaona mawe, mfereji, na mbuzi mmoja aliyetutazama kana kwamba sisi ndio tuliopotea.

Nimelifikiria tena jambo lile. Mwanga unaotoka karibu na jicho hurudishwa na vumbi karibu na jicho. Mwanga unaotoka chini hurudi chini, na jicho hupita juu yake likaona njia. Ni rahisi hivyo, na bado ilitubidi twende na mti wa fagio ili kulijua.

Kisha tulibishana kuhusu kioo cha manjano. Nilisema manjano hupenya vumbi kuliko nyeupe. Ulitazama, ukatazama tena, ukasema, “Mi naona ni sawasawa.” Nilisisitiza kwamba naona tofauti. Jana niliketi na karatasi nikalifanyia jambo hili hesabu: chembe ya vumbi la barabara ni kubwa mno ikilinganishwa na wimbi la mwanga, kiasi kwamba haiwezi kuchagua rangi moja ikaiacha nyingine. Kwa hiyo inaelekea niliona nilichoambiwa nikiwa kijana kwamba nitakiona. Sijafunga swali hilo. Vumbi la upande wa Kasaji ni jepesi, lina mchanga mweupe zaidi. Huko utaweza kulipima upya, nami nitapokea jibu lako hata kama litanipinga mara ya pili.

Sasa Jumamosi. Taa zilikuwa zimekwisha kufungwa chini, kwenye vyuma vya kinga vilivyo pande mbili za injini. Rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme wenyewe, niliiweka chini ya kiti. Fyuzi ya taa hizi niliitenga na fyuzi za pikipiki. Nilikuwa nimetumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba, na kila kiungio nilikivika mpira unaosinyaa kwa joto. Ulikuwa sokoni na mama yako. Uliporudi kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu: nyaya za kwenda kwenye swichi ya usukani, zinazopita shingoni, pale ambapo usukani hugeukia. Nilizifunga kwa vikamba vya plastiki, vinne, vikiwa vimekazwa, nyaya zimenyooka kama zimepigiwa rula. Nilisimama nikazitazama kwa kuridhika. Ulichutama ukazitazama pia.

“Tata, geuza kwanza usukani.”

“Nimeshageuza.”

“Geuza mpaka mwisho.”

Nikageuza.

“Ona. Iko navutika pale chini ya kamba. Nikienda nayo hivi mpaka Dilolo, itakatika.”

“Waya uliofungwa vizuri hauchezi.”

“Njo shida, Tata. Huyu anapashwa acheze.”

Ulisema *huyu*, kana kwamba waya ni mtu, na nilipaswa kucheka. Badala yake nilikuambia maneno ambayo nimeyasikia kichwani siku mbili nzima: “Wewe shughulika na batoto bako banaozaliwa. Nyaya niachie mimi. Nilikuwa nafunga nyaya mbele hujazaliwa.” Uliweka bisibisi chini, polepole, ili isitoe sauti, ukaingia ndani.

Ulikuwa umeona kwa nusu dakika jambo lililonichukua mimi safari nzima ya kutoka Tenke, na mkono wa mama yako.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Unakumbuka kwamba tulikwenda Tenke kwenye kilio cha shangazi yangu, mimi na mama yako, kwa pikipiki hii hii, na kwamba tulirudi siku ya pili badala ya ileile, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa plasta. Uliambiwa, kama wote walivyoambiwa, kwamba taa mpya nilizonunua Musonoi zilikuwa mbovu, zikaungua njiani, tukaingia mferejini. Sentensi hiyo ina ukweli kuhusu mfereji tu.

Taa zile nilizifunga mwenyewe juma moja kabla. Sisi watu wa hapa tuna imani moja kuhusu shaba. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuichimba, baba yangu aliiyeyusha, mimi niliisomea. Hakuna chakula kilicholiwa nyumbani kwetu ambacho hakikupita kwanza kwenye shaba. Tunaamini kwamba ikiwa ni nene na ni safi, haina la kufanya isipokuwa kupitisha umeme milele. Kwa hiyo nilipotazama nyaya nyembamba za kiwandani, za nyuzi kama nywele, niliziona ni ubahili wa watu wasio na machimbo. Nilichukua waya uliobaki tulipofunga umeme wa nyumba yetu, waya wa uzi mmoja, mnene, shaba tupu inayong’aa ukiikwaruza. Mtu wa mji mwingine asingefanya kosa hilo, kwa kuwa asingekuwa na waya wa namna ile nyumbani wala kiburi cha kuutumia.

Nikauvuta shingoni, nikaukaza. Hilo nalo lina chanzo chake. Nilipoanza kazi ya umeme mgodini, nyaya zilipita ukutani, na mkubwa wetu wa kazi alikuwa na desturi ya kupitisha kiganja juu yake kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Kiganja kikikuta mahali palipolegea, uliondoa vifungo vyote ukaanza upya. Mikono yangu ilijifunza kwamba kulegea ni uvivu. Haikujifunza kwamba ukuta haugeuki.

Na la tatu, ambalo ndilo baya zaidi: sikuzipa taa zile fyuzi ya peke yake. Niliziunga kwenye waya wa taa kubwa ya mbele, kwa sababu ulikuwa karibu.

Tuliondoka Tenke jua likizama. Taa zilikuwa nzuri ajabu. Nilimwambia mama yako, kwa sauti ya kushinda upepo, kwamba kwa taa hizi tungeweza kuona hadi Angola. Kwenye kona moja nikakata usukani kukwepa shimo, na kila kitu kikazimika. Si taa mpya tu, bali zote, ya mbele, ya nyuma, na za kwenye dashibodi. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda, ncha yake ikatokeza, ikagusa chuma cha fremu, na fyuzi moja iliyobeba taa zote ikaungua ili kuokoa kilichobaki. Fyuzi ilifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko mimi. Tuliingia mferejini kwa mwendo ambao ningeweza kukuhesabia, lakini sitafanya hivyo.

Kisha nikamsikia mama yako, chali kwenye nyasi, akiniuliza: “Tata Kapinga, hii njo Angola?”

Nilicheka, nikamshika mkono nimwinue, akapiga kelele. Ndipo nilipojua kwamba kifundo kimevunjika. Umeona jinsi anavyoshika kikombe kwa mkono wa kushoto msimu wa baridi. Sasa unajua kwa nini.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Musonoi, dukani kwa Tata Kalenga, yule muuza vipuri ambaye kibanda chake kinatazamana na kituo cha pikipiki za abiria. Kulikuwa na watu, baadhi yao wanafunzi wangu. Sikupaza sauti, unanijua. Nilieleza kwa utaratibu, kwa maneno ya darasani, kwamba anauza taa ambazo ndani yake zina kasoro inayoweza kuunguza mfumo mzima. Nilieleza vizuri hata waliokuwepo wakatikisa vichwa. Nami wakati ule nilikuwa sijafungua pikipiki. Nilikuwa sijapima chochote. Mtu ambaye huwafundisha vijana kutosema neno kabla ya kuweka mita kwenye waya alikuwa amesema yote bila mita. Alizichukua taa zile, akanipa nyingine, akaniomba radhi.

Baada ya wiki tatu ndipo nilipoondoa tanki la mafuta ili nizifikie nyaya. Waya ulionekana mzima, isipokuwa tundu dogo kama la sindano kwenye ganda. Niliukunja, ukakunjika, lakini mahali pamoja, chini ya kamba, ulikunjika kwa urahisi mno, kama kidole kisicho na mfupa. Nikalipasua ganda kwa wembe. Shaba ilikuwa imekatika vipande viwili, na uso wa mkatiko haukuwa laini kama wa kitu kilichokatwa kwa koleo. Ulikuwa na chembechembe, upande mmoja umefifia na upande mmoja bado unang’aa. Nilichukua lenzi. Ule upande uliofifia ulikuwa umeanza kuachana siku kadhaa kabla, kidogo kidogo, kila nilipogeuza usukani. Ule unaong’aa ni wa siku ya Tenke.

Nikuambie ukweli ambao sijivunii: saa ile sikuhisi aibu kwanza. Nilihisi furaha ya kuona. Nilichukua kipande kingine cha waya uleule nikakipinda huku na huku nikihesabu, nikasikia kinavyokuwa kigumu vidoleni, kila mpindo ukidai nguvu zaidi kuliko uliopita, kisha ghafla, tak. Shaba hukakamaa kwa kupindwa. Kadiri inavyokakamaa ndivyo inavyoonekana imara, na ndivyo inavyokaribia kukatika. Na waya wa nyuzi nyingi nyembamba husalimika kwa sababu kila uzi, kwa wembamba wake, haupindwi sana. Ule niliouita ubahili ulikuwa akili. Niliketi sakafuni hadi magoti yakafa ganzi, nikiwa na furaha kamili, na ilikuwa baada ya hapo tu ndipo nilipomkumbuka mama yako na Tata Kalenga.

Sikuwaambia. Na kuna zaidi: kipande kile nilikipeleka darasani. Kila mwaka huwapitishia wanafunzi wa mwaka wa pili, nikisema: “Hii ni kazi ya fundi mmoja asiye makini. Angalieni kosa lake.” Wewe mwenyewe umenisikia nikimtaja fundi huyo mezani, mara ngapi sijui. Nilimdharau kwa sauti mbele ya watoto wa watu kwa miaka kumi na miwili. Ndiye mimi, Kapinga.

Kwa hiyo uliponiambia, “Geuza mpaka mwisho,” hukuwa unabishana na baba mkaidi tu. Ulikuwa umeweka kidole mahali palepale. Nilikuwa nimejifunza juu ya uzi mwembamba, nilikuwa nimejifunza juu ya fyuzi, na juu ya rilei. Lakini mikono ilikuwa bado mgodini, ikisubiri kiganja cha mkubwa wa kazi. Nilishangaa kugundua hivyo. Mtu anaweza kulijua kosa lake kwa lenzi, akalifundisha, akaliandikia maelezo ya somo, na bado akalifunga tena kwa vikamba vinne na kurudi nyuma hatua moja kulistaajabia.

Leo mchana nilikwenda Musonoi kwa miguu. Tata Kalenga amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, kibanda ni kilekile. Nilichukua kile kipande cha waya. Nilikuwa nimepanga hotuba fupi yenye mpangilio; niliisema yote, na alinisikiliza akiwa na soli ya kiatu mkononi, kwa kuwa siku hizi anauza viatu zaidi kuliko vipuri.

“Zile taa,” alisema nilipomaliza. “Nilikuwa nazo boksi nzima, Tata Mwalimu.”

“Najua uliacha kuziuza.”

“Kuacha? Nilizitupa. Nilisema, kama ule mwalimu anasema ni mbaya, basi ni mbaya. Mi niko nani? Sikupima hata moja.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyenichukia. Sikujiandaa kwa mtu aliyeniamini.

Alinyoosha mkono, akachukua waya, akausogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Akaukagua kwa muda mrefu, akiugeuza kwa ncha za vidole. Akauliza ulikatikia wapi; nikamwonyesha kwenye pikipiki ya dereva mmoja aliyekuwa ameegesha pale. Dereva naye akaja kuangalia. Wakaanza kuugeuza usukani wa yule bwana, kushoto na kulia, wakitazama nyaya zake, na dereva akasema, “Aa, na zangu zimekazwa!” Tata Kalenga akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akaacha kucheka. “Banafunzi bako,” alisema, “bale walisikia siku ile. Balikuwa wateja yangu. Utabaambia?”

“Wengi wameshamaliza. Wameoa, wako makazini.”

“Si nakuuliza kama bako mbali. Nakuuliza kama utabaambia.”

Nilimwambia ndiyo. Nitaanza na walio darasani Jumatano, na wale wengine nitawatafuta mmoja mmoja kwa simu, kadiri nitakavyowapata. Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumwomba aseme. Alibaki na ule waya. Alisema atautundika mlangoni ili wenye pikipiki wauone, na kwamba akiulizwa ni wa nani, atataja jina. Nilikubali, hayo yalikuwa masharti yake, na ni ya haki.

Mama yako nilimwambia niliporudi. Alikuwa anachambua majani ya muhogo ya sombe. Hakuinua uso. “Nilijuaka haikuwa taa,” alisema. “Ingekuwa taa, ungeileta ku meza, ungetufundisha mpaka chakula kipoe. Kwa ile hukufundisha kitu.” Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza miaka yote hii. Akasema alikuwa anataka kuona nitachukua muda gani. Unaona kwamba si wewe na mimi tu tunaopenda kupima vitu katika nyumba hii.

Sina ushauri mkubwa wa kutoa. Utakuwa na watu watakaokuamini kwa sababu ya koti lako jeupe kabla hujapima chochote, kama Tata Kalenga alivyoniamini mimi, na utaona jinsi ilivyo rahisi kusema. Utakuwa pia na mkunga mdogo, au mama wa mgonjwa asiyejua kusoma, ambaye atakuambia, “Angalia tena pale.” Sijui utamjibu nini ukiwa umechoka. Najua nilichojibu mimi. Ningependa kujua, siku ikifika, utakachojibu wewe. Niandikie, hata kama jibu litakuwa baya, kwani mabaya ndiyo niliyojifunza kuyachunguza.

Limebaki jambo moja la kiufundi. Nimevikata vile vikamba vinne. Tanki nimeliondoa, liko ukumbini juu ya gunia, na nyaya za shingoni nimeziacha wazi, bila kufungwa popote. Sikuzifunga upya kwa sababu sijui kama mikono yangu itazilegeza kweli au itadhani tu imezilegeza. Kwa hiyo hutaondoka alfajiri kama ulivyopanga. Utachelewa kama saa moja, na mama yako amekwisha kuambiwa. Utazifunga wewe. Utaacha urefu unaouona wewe kuwa unafaa. Mimi nitasimama mbele ya gurudumu nigeuze usukani, kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, na sitaacha mpaka uniambie inatosha.

Tata yako